Supu ya Baba na Biskuti za Paka

Paka alipohamia kwetu alikuwa mifupa mitupu, na baba alikuwa na kitambi. Mwaka mmoja baadaye mambo yalikuwa yamegeuka, na mimi, niliyekuwa nikiwaona wote wawili kutwa nzima, nilijishughulisha na kitambi cha paka. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi nikaifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona aibu. Leo nimeiacha.

Tuliishi Shauri Moyo, Nairobi, chumba kimoja na jiko dogo, na mfereji wa nje tulioshiriki na milango mingine saba. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ndugu zangu wakubwa walikuwa wameshatoka na kuanza maisha yao, nami nilikuwa nyumbani nikingoja kitu ambacho hakuna aliyeweza kuniambia ni nini. Mama alikuwa na meza soko la Kariokor, akiuza vikapu vya kiondo na mikanda ya ngozi. Alitoka asubuhi na mapema na kurudi jua likizama. Baba alikuwa mchongaji. Alichonga twiga, swala na vijiko vya saladi vya kuuzia watalii, akiwa ameketi juu ya gogo lake mlangoni, tezo mkononi, maranda yakimwangukia miguuni. Kazi yangu ilikuwa kuyazoa maranda hayo na kuyatia kwenye gunia lililokaa kando ya gogo. Ndiyo tuliyokuwa tukiwashia jiko la makaa kila asubuhi.

Baba aliniita mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake mzazi. Ndiyo desturi ya kwetu. Nikiwa mtoto wa miaka mitatu, mzee mzima alikuwa akiniomba ruhusa ya kwenda kazini, nami nikimkubalia au kumkatalia kwa ukali, na watu wazima wakicheka mpaka machozi. Mchezo huo haukuisha nilipokua. Nikimwambia avae sweta, alivaa. Nikimwambia aache kuvuta sigara ndani, alitoka nje. Nilikua nikijiona nina amri juu yake, na yeye hakuwahi kunisahihisha.

Paka hakualikwa na mtu. Alishuka kutoka paa la jirani, rangi ya majivu, sikio moja limechanika, akaona maranda yakijipinda na kuruka kutoka kwenye tezo ya baba, naye akayarukia. Baba akacheka. Kuanzia siku hiyo ukawa mchezo wao. Paka yule hakujua kutulia. Alipanda kuta, akaruka kutoka kabatini hadi juu ya redio, akakimbiza kivuli chake mwenyewe, na kila baada ya siku mbili tatu alituletea panya akamlaza mlangoni. Mama alimkubali kwa sababu ya hao panya tu. Alilelewa Kitui, kwenye boma ambalo paka alikula alichokamata, na hakuona sababu ya mnyama kupewa sahani.

"Mkimlisha atalala," alisema. "Na mimi sitaki paka wa kulala."

Kwa baba, ugali ndio ulioanza. Alisema unga wa siku hizi unasagwa vibaya, ugali umekuwa mkavu, unamkwama. Mama akaongeza mchuzi. Baada ya muda akasema mahindi ya githeri, yale ya kuchemshwa na maharage, ni magumu, tukawa tunampondea yake. Alianza kunywa maji kila baada ya tonge. Mama alimtania kwamba amekuwa mtoto mchanga, karibu aanze kufungwa nepi, na baba alicheka naye. Kisha nikamwona siku moja akitoboa tundu jipya kwenye mshipi wake kwa msumari, na wiki chache baadaye akatoboa lingine.

Kwenye zahanati walimwambia ni vidonda vya tumbo. Wakampa dawa nyeupe ya maji na kumwambia ale vyakula laini, asikae na njaa, apate supu. Mama alilichukua neno hilo la supu kama amri ya kanisani. Akawa anaamka saa kumi na moja kuchemsha mifupa, anatia karoti na dania, anamimina kwenye chupa ya chai, na kuiacha mezani na bakuli la bluu la enameli. Mimi nilitumwa Soko la Burma mara mbili kwa wiki kuifuata hiyo mifupa. Mwenye bucha alikwisha kunizoea.

"Sasa siste. Leo tena mifupa?"

"Ni ya mgonjwa."

"Basi wacha nikuwekee ya goti. Iko na mafuta. Mgonjwa akikunywa hii atatembea."

Jioni, kabla hata ya kuweka mkoba chini, mama alikuwa akiliangalia bakuli. Siku zile lilikuwa likirudi safi, bila tone wala alama ya mafuta. "Analilamba mpaka linang'aa," alisema, na uso wake wote ulifunguka. Alikuwa amechoka mwanamke yule, miguu imevimba kwa kusimama sokoni, lakini bakuli tupu lilimtosha. Aliomba kwa ajili ya afya ya baba kila usiku, na kila jioni bakuli lilimjibu.

Alasiri moja nilirudi kutoka mferejini mapema kuliko kawaida, kwa sababu maji yalikuwa yamepotea. Nikapita upande wa nyuma na kuingia bila kelele. Baba alikuwa ameinama, bakuli la bluu liko chini katikati ya miguu yake, na paka anakunywa supu kwa raha zake, mkia umesimama wima. Baba alikuwa akimkuna shingoni.

Damu ilinichemka. Nilifikiria saa kumi na moja za mama, na mwendo wangu wa kwenda Burma juani, na yule mnyama ambaye kweli, sasa nilipomwangalia vizuri, alikuwa amenenepa mpaka tumbo linayumba.

"Baba, hiyo supu ni ya nani?"

Alishtuka, akafuta mkono kwenye suruali. "Tunagawana, mwaitu. Huyu ni mzee mwenzangu."

"Mama akijua?"

"Usimwambie mama yako."

Sikumwambia. Nilidhani namkinga baba na ugomvi. Niliamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe, kama nilivyozoea kumaliza mambo yake mengine. Akilini mwangu kesi ilikuwa rahisi: baba ana roho laini, paka ni mlafi, na supu ya kumponya mtu inaishia tumboni mwa paka. Kinachotakiwa ni paka apate chakula chake mwenyewe, kisicho supu.

Msaada ulitoka mlango wa pili. Jirani yetu wa hapo, mama wa Kikuyu, mcheshi, alikuwa akifulia Wazungu fulani upande wa pili wa mji. Wazungu hao walikuwa wamerudi kwao, wakamwachia vitu vingi ambavyo hakuwa na haja navyo. Nilipomlalamikia habari za paka aliingia kwake akatoka na mfuko mkubwa wa karatasi, umejaa nusu.

"Hii ni biskuti ya paka," alisema.

"Biskuti ya nini?"

"Ya paka, na usicheke. Huyo memsabu alikuwa na paka mbili. Ile ya kuruka-ruka alikuwa anaipatia hii kavu, na maji kando. Alisema inaipatia nguvu, haiwezi nona. Ile ingine ilikuwa imezeeka, haina meno, hiyo ndiyo alikuwa anafungulia ya mkebe, ile laini iko na mchuzi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Paka mzee asiye na meno anafunguliwa mkebe! Nilichukua biskuti moja nikaionja, kwa sababu nilikuwa mjinga wa aina hiyo. Ilikuwa na chumvi na harufu ya samaki, ngumu kama kokoto. Nikamuuliza maswali mengi, kavu inapewa mara ngapi, laini ina ubaya gani, na jirani akanijibu kama daktari wa mifugo. Tulisimama pale karibu saa nzima tukijadili kama paka wa Shauri Moyo apewe kikavu au cha maji. Sikuwaza hata kidogo kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na mtu aliyeanza na kikavu kikamshinda, akaponda, akalainisha, na sasa yuko kwenye supu. Niliyasikia maneno yote na sikusikia kitu.

Kesho yake saa saba mchana nilimkamata paka nikamfungia jikoni na sahani ya biskuti na kopo la maji. Alilia na kukwaruza mlango. Baba alikuwa ameketi na bakuli lake mapajani.

"Mwaitu, mfungulie huyo. Anataka kutoka."

"Atatoka ukimaliza."

Baba aliliinua bakuli. Kisha akachukua kijiko, akanywa mara moja, akanywa mara ya pili, akaweka ngumi mdomoni na kukohoa. Macho yalimjaa maji. Akasema ni ya moto mno, wacha ipoe. Nilimwambia sawa, lakini nikirudi kutoka mferejini nataka kuona bakuli tupu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ile ile ya mtoto wa miaka mitatu. Akasema, "Ndiyo, mwaitu."

Niliporudi na mtungi kichwani, bakuli lilikuwa tupu na paka bado analia jikoni. Nilijipongeza. Siku ya pili likawa tupu, na ya tatu, na wiki nzima. Paka alizoea biskuti zake. Tumbo lilimpungua, akarudi kwenye mapaa, akaanza tena kuleta panya, na mama akamsifu bila kujua sababu. Jambo moja tu mama alilisema, tena kwa kupita, kwamba siku hizi mzee ameacha kulamba bakuli, anaacha mafuta ukingoni. Lakini alikuwa akimaliza, na hilo lilitosha.

Baba aliendelea kukonda. Mabega yake yalitokeza chini ya shati. Tezo ilianza kumlemea, akawa anachonga kidogo tu na kushinda kwenye msasa, akiwasugua twiga sita aliokuwa ameagizwa. Nilijiambia kwamba dawa inachukua muda, na kwamba supu itaanza kuonekana mwilini mwake wiki ijayo. Nilikasirika pia, siwezi kuficha. Nilikasirika kwamba nimemfanyia yote hayo na hanoni.

Paka naye alikuwa na tabia mpya. Nikimfungulia tu, alikimbilia gunia la maranda, akalichimbua kwa kucha na kuingiza kichwa ndani. Nilidhani kuna panya. Kisha nikadhani anataka kuchafua humo, nikawa namfukuza kwa ndara. Nilimpiga nayo mara mbili au tatu.

Asubuhi moja, kabla mama hajaenda sokoni, nilikwenda kuwasha jiko. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, tumeliingiza gunia ndani, na baba hakuwa amechonga kitu kipya, kwa hiyo nilizamisha mkono chini kabisa ya gunia. Maranda niliyoyatoa yalikataa kushika. Nilipiga kiberiti cha pili na cha tatu. Ukatoka moshi mzito wenye harufu ya mfupa na dania. Nilivuta konzi nyingine nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Yalikuwa yameshikana mabonge, yamegandiwa na mafuta meupe, na katikati yake vipande vya karoti na sisimizi wengi.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nilikumbuka kila siku niliyotoka na mtungi wangu nikiwa nimejaa sifa, na baba akibaki peke yake na bakuli, na paka amefungiwa, na gunia liko karibu na mkono.

"Moto umeshika?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Bado," nikasema. Nilimwaga mafuta ya taa juu ya makaa, jambo ambalo mama alilikataza, na moto ukawaka.

Mama alipoondoka nililivuta gunia mpaka miguuni kwa baba. Aliweka msasa chini na kulitazama.

"Haipiti, mwaitu," alisema. "Kwanza ulikuwa ugali. Halafu viazi. Sasa hata supu inafika hapa inarudi." Aligusa chini ya koo lake kwa kidole, kama anayemwonyesha fundi mahali bomba lilipoziba.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mama yako anaamka saa kumi na moja kuchemsha hiyo mifupa. Akirudi anaangalia bakuli kwanza, ndiyo aniangalie mimi." Alitabasamu kidogo. "Paka alikuwa ananisaidia. Halafu ukamfungia."

Hakusema kwa lawama. Ningependa angesema kwa lawama. Nilianza kulia, naye akanishika kichwa na kuniambia ninyamaze, majirani watasikia. Kisha akaniomba. Baba yangu, aliyenizidi miaka arobaini, aliniomba kama anayeomba ruhusa kwa mama yake: nimfungulie paka, na nisimwambie mama, mpaka awamalize wale twiga sita. Wakishakwenda dukani, atakwenda hospitali kubwa yeye mwenyewe, kwa miguu yake.

Maisha yangu yote nilikuwa nimemwamuru mtu huyu. Siku hiyo ndiyo ningetakiwa kumwamuru kweli, kumvika koti na kumtoa nje ya mlango, na ndiyo siku niliyomtii. Nilisema sawa.

Nilirudisha mfuko wa biskuti mlango wa pili. Nilimwambia jirani kwamba paka amezikataa.

"Na vile alikuwa anazikula," alisema.

"Amezoea supu," nikasema.

Kuanzia hapo tulikuwa watu watatu wa njama moja, ukimhesabu paka. Saa saba mchana niliimimina supu ya mama kwenye bakuli la bluu, baba akajaribu kijiko kimoja kwa ajili yangu, kisha akaliweka chini. Mimi nilisimama mlangoni kuangalia kama kuna mtu anakuja. Bakuli lilirudi kung'aa. Mama aliimba nyimbo za kanisani akiosha vyombo. Paka alinenepa upya na kuacha panya wapite mbele yake. Ilichukua wiki tatu, na twiga wa sita hakuwahi kupata miguu ya mbele.

Siku ambayo maji matupu yalikataa kupita, mama alikuwepo, ilikuwa Jumapili. Aliyaona yakirudi, na kesho yake tukampeleka hospitali kubwa. Huko hospitalini daktari kijana alituchorea koo kwenye karatasi, bomba refu, akalipaka wino mahali fulani mpaka pakawa peusi. Akauliza mgonjwa alianza lini kushindwa kumeza. Mama akajibu kwa uhakika kwamba ni jana, kwa sababu mpaka juzi alikuwa akimaliza supu yake yote. Daktari akanitazama mimi. Nilikuwa nikitazama sakafu. Alisema tu kwamba ingefaa tungefika mapema, na kwamba hata tungefika mapema labda isingesaidia sana. Nimelishika hilo neno labda kwa miaka yote hii na bado sijui ni zito au jepesi.

Hakumaliza mwezi wodini. Tulimzika Kitui, siku ya upepo mwingi, na mama akawa anawaambia waliokuja kumpa pole jambo lile lile. "Hata nashukuru Mungu. Hakulala njaa kwangu. Hakuna siku alirudisha bakuli na kitu ndani." Watu waliitikia amina. Na mimi niliitikia.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Nairobi, mama alinituma Burma. Sikumuuliza sababu. Alichemsha mifupa kama kawaida, karoti na dania, kisha akakaa na kuitazama sufuria, kwani hakukuwa na mgonjwa. Mwishowe akamimina kwenye bakuli la bluu, akalipeleka mlangoni na kuliweka chini karibu na gogo.

"Wacha anywe huyu," alisema. "Baba yako alikuwa anampenda."

Paka alikuja kwa mwendo wa mtu anayejua zamu yake. Alikunywa bila haraka, akalifuata bakuli ukingoni kwa ulimi, akazunguka nalo mpaka mwisho. Mama alikuwa amekunja mikono akimwangalia. Paka alipoondoka, aliinama akaliokota, akataka kulipeleka jikoni, kisha akasimama. Aliligeuza kwenye mwanga. Halikuwa na tone wala alama ya mafuta. Lilikuwa linang'aa.

Alinitazama. Nilitazama chini, kama nilivyofanya mbele ya daktari.

Mama aliingia ndani akaliosha lile bakuli kwa sabuni, mara mbili, akalifunga kwenye gazeti na kulitia chini ya kitanda. Tangu siku hiyo hajachemsha supu ya mifupa tena, na sijamsikia tena akimwambia mtu yeyote kwamba baba alikuwa akimaliza.